Asubuhi Mjomba Alipokwenda Jangwani

Jana nilipita duka moja mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, harufu ya ubani ikanisimamisha. Mwenye duka aliniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu.

Nguo za mjomba zilinukia hivyo asubuhi aliyotuaga. Alikuwa mdogo wa pekee wa mama, na alikuwa anakwenda Misri kuwa mtawa wa Kikopti, kanisa la kale la Wakristo wa huko. Mama alikuwa akimenya ndizi, utomvu umemganda vidoleni. Mjomba alinieleza habari za monasteri yake. Ilijengwa jangwani zamani mno. Baadaye watawa wakafa, wengine wakakimbia, mchanga ukafukia kanisa hadi madirishani. Ikakaa tupu karne nyingi. Kisha akaja mzee mmoja na koleo, akaanza kuchota mchanga, wenzake wakamfuata. Sasa kengele inalia tena, hata mitende imezaa.

“Ya jangwani imepata wa kuifufua,” mama alisema bila kuinua macho. “Na nyumba hii ya baba, mdogo wangu? Migomba hii nani ataipalilia?”

“Dada, nimeitwa.”

“Mimi pia nilikuita.”

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nilingoja nilie, kilio hakikuja. Mjomba alipovaa koti lake, mama akanawa mikono, akamfuata mlangoni.

“Huko hakuna mvua,” alimwambia. “Liache.”

Mjomba akalivua, akalitundika msumarini, akatoka hivyo hivyo, shati likimlowa mgongoni.