Maji ya Karai Moja

Shuleni kwetu Basotu tulinawa kwenye karai moja. Kiranja alianza, wakafuata wakubwa, wadogo mwisho, maji yakiwa yameshakuwa tope la vumbi la mashamba ya ngano. Hata nyumbani ilikuwa hivyo: baba aanze, mtoto amalizie. Kumwaga maji aliyonawia mwenzako ilikuwa kumwambia usoni kwamba ni mchafu.

Darasa la saba nilikaa dawati moja na binti wa nesi aliyehamishiwa zahanati yetu kutoka Tanga. Rafiki yangu kabisa. Yeye alikuja na kidumu chake na kipande cha sabuni, akanawa pembeni. Weee, tulimcheka! "Anajifanya mtoto wa meneja wa mashamba huyo! Anatuona takataka!" Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, maana niliogopa nisije nikachekwa pamoja naye.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani nikamwambia mbele ya wote, "Kama wewe ni mwenzetu, nawa hapa." Akaweka kidumu chini, akanawa. Darasa zima likashangilia, nami nikajiona nimefanya jambo la maana. Mjinga mimi!

Siku ya tatu akaanza kuhara damu. Mtihani ulifanyika yeye akiwa kitandani, na enzi zile ukikupita umekupita. Labda hayakuwa yale maji. Najidanganya hivyo mpaka leo.

Mimi nikachaguliwa kwenda sekondari. Mama yake alikuja kunipongeza mchana mmoja, akatukuta tunakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera." Akanipa mche mzima wa sabuni. "Wa kwenda nao bwenini." Nikaubana kwapani.

"Karibu, mama mkwe wako anakupenda!" mama yangu akamwambia akicheka, kisha akanigeukia. "Mletee mgeni maji."

Karai lilikuwa pale pale. Baba alishanawa, wajomba walishanawa, na mimi pia. Ndoo ya maji safi ilikuwa mlangoni, hatua tatu tu. Lakini baba alikuwa ananitazama, na kwa kumwaga yale maji mbele ya mgeni ningekuwa nimemwaibisha baba. Nikalibeba lilivyo.

Nesi aliyatazama maji, akanitazama mimi. Nikajua binti yake alishamsimulia yote. Kisha akatumbukiza mikono, akanawa taratibu, akasema, "Asante, mwanangu."

Sabuni ilikuwa bado kwapani mwangu.