Upande wa Pili wa Kanda

Fundi wa redio pale Lushoto mjini aliniwekea deki tatu za kanda mezani. Mbili ziling'aa, zina taa za kucheza. Ya tatu ilikuwa nzito, kuukuu, imechubuka pembe. "Chukua hii, mzee," alisema. "Hizo nyingine ukirekodi juu ya maneno ya zamani, zinayaacha yananong'ona chini. Hii inafuta safi." Nikaichukua kwa sababu hiyo. Nilijiona mjanja.

Nilikuwa na kanda nane za mama. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila alipopata mtu anayekwenda Dar alinitumia barua ya sauti kutoka Mgwashi, kwa Kishambaa, upande mmoja tu. Upande wa pili aliuacha mtupu, niujaze mimi, niirudishe kanda. Wenzangu wa kule Dar walifanya hivyo kwa mama zao. Mimi sikurudisha hata moja. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mke, nilikuwa na sababu za kila aina, na leo hakuna ninayoweza kuitamka bila aibu. Mama akawa ananunua kanda mpya kila mara. Ya mwisho sikuisikiliza kabisa. Ilinikuta redio yangu imekufa, sikuhangaika, na mwaka haukuisha tukamzika.

Nilipostaafu nikarudi kuishi katika nyumba yake, ndipo nikanunua hiyo deki. Ukungu wa huku hauna huruma. Kuvu inaota kwenye utepe, mikanda ya mpira inalegea. Nikabadilisha mkanda wa mota. Kila Jumamosi nilisafisha kichwa cha deki kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti, kisha nikaifunika deki kwa kitenge cha mama. Mdogo wangu wa kike, aliyemuuguza mama peke yake, alinitazama siku moja.

"Kaka, mama hukumfunika hivi."

Sikumjibu. Nimezoea kutojibu.

Nikasikiliza upande wa kwanza wa kanda zote. Ile ya mwisho ilikatika katikati ya sentensi, mama akieleza jinsi mguu wake ulivyovimba. Nikadhani betri ziliisha. Nikaigeuza, nikabonyeza kitufe chekundu, na hatimaye nikamjibu mama yangu. Nilizungumza kama robo saa. Niliomba radhi, nikalia, nikajisikia vizuri, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Nikairudisha nyuma nijisikilize. Sauti yangu ilipokwisha, deki haikunyamaza. Ikatoka sauti ya mama, ikianzia katikati ya neno.

"...basi upande wako nimeusemea mimi, maana najua hutausema. Nimemaliza yote niliyotaka uyajue. Kaa salama, mwanangu."

Nimejaribu mara nyingi kumsikiliza chini ya maneno yangu, sauti nimeifungulia mpaka mwisho, sikio limegusa spika. Fundi hakunidanganya. Deki inafuta safi.