Mstari wa Kumi na Tano

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, simu ya fundi cherehani hailii tena. Kwa miaka saba saa hiyo ilikuwa na mlio wake, mfupi, kisha neno moja kwenye kioo: "Tayari." Neno lilitoka kwa kaka yake mkubwa. Maana yake ilikuwa kwamba bei za hisa za wiki zimeingizwa, hesabu imefungwa, na yeyote anayetaka kujua mali yao imesimamaje afungue faili. Fundi alijibu kwa kidole gumba. Mara nyingi hakufungua chochote. Alikuwa na zipu ya kushona au mteja mlangoni, na neno lenyewe lilimtosha, kama mtu anayesikia jirani akikohoa ng'ambo ya ukuta na kujua tu kwamba jirani yupo.

Sasa saa hiyo hupita kimya, na fundi, bila kukusudia, hunyamazisha cherehani kwa dakika moja au mbili.

Kaka yake alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Alizunguka madukani, maghalani na viwandani na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba yaliyopangwa kwa ukubwa, kila moja kwenye shimo lake. Aliweka jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza sukari, akainama, akasubiri mshale utulie. Ulipotulia pale unapotakiwa, alibandika lakiri. Usipotulia pale, aliandika. Hakunywa soda ya mwenye duka, wala hakukaa kwenye kiti alichovutiwa. Wenye maduka wakambandika jina la Gramu, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Walizaliwa watatu. Baada ya Gramu alikuja dereva wa basi la shule, halafu kitindamimba, wa kike pekee, fundi. Baba yao alipofariki aliwaachia kiwanja, nacho kikauzwa milioni ishirini na nne. Kila mmoja alistahili nane. Dereva alitaka zake siku hiyohiyo, fundi hakujua alitakalo, na Gramu, aliyekuwa amebakiza miaka miwili na nusu kustaafu, akasema wasizitawanye. Wanunue hisa na hatifungani, waziache zikue pamoja. Akaweka masharti mawili. La kwanza, mali ionekane na wote wakati wowote. La pili, kitu cha zaidi ya milioni moja kisinunuliwe mpaka wawili kati yao wakubaliane.

Kwa ajili ya sharti la kwanza, binti yake alimfundisha kutengeneza jedwali la mtandaoni, faili moja linalofunguka kwenye simu zote tatu. Gramu alilipenda kuliko alivyotarajia. Kulikuwa na safu ya jina la kampuni, safu ya idadi ya hisa, safu ya gharama, bei ya leo, thamani ya leo. Faida ilijipaka kijani, hasara nyekundu, na mstari wa mwisho ulibeba jumla. Binti alimwonyesha fomula ya kuvuta bei zenyewe kutoka soko la hisa. Aliikataa.

"Bei inayojiingiza, mimi nimeipima lini?" alisema.

Kwa hiyo kila Ijumaa soko likifungwa aliketi mezani, kompyuta ikiwa juu ya vitabu viwili ili shingo isimuume, na kuingiza bei moja moja kwa kidole cha shahada. Mkewe akipita na ndoo ya nguo huuliza, "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" Gramu hujibu bila kugeuka, "Kapanda kidogo." Alipostaafu, fungu lake la gawio la hisa lilijazia pale pensheni ilipoishia. Halikuwa kubwa. Lilimwezesha kuamka jua likiwa limeshatoka, jambo ambalo hakuwahi kulijua utu uzima wake wote.

Fundi alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye mtaa wa maduka ya vyombo, miaka kumi na minne. Meza ya kukatia ilijengewa humohumo ndani, ikawa haiwezi kutoka mlangoni bila kupasuliwa. Mwaka huu mwenye nyumba akatangaza kwamba anauza, na kwamba wapangaji wapewe nafasi ya kwanza. Chumba cha fundi alikiwekea bei ya milioni kumi na nusu, zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kuna mtu anayetaka kuchukua safu nzima auzie simu.

Fundi akafungua jedwali, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo. Chini kabisa palikuwa na thamani ya leo: milioni ishirini na saba. Ukigawa kwa watatu, tisa. Amepungukiwa moja na nusu. Hakuwa na pengine pa kuipata, alijua, kwa hiyo akaanza kupanda juu mstari kwa mstari, akitafuta kama kuna kitu kilichosahaulika. Alisoma jedwali kama asomavyo kitambaa cha mteja kabla hajagusa mkasi. Akavuta kikokotoo cha dukani na kujumlisha safu ya gharama, kwa sababu ile aliielewa: ni zile nane tatu za baba yao. Chini paliandikwa milioni ishirini na nne, sawasawa. Kikokotoo kikampa kumi na tisa na nusu.

Akarudia. Kumi na tisa na nusu. Mteja aliyekuwa anasubiri kupunguziwa sketi akauliza kama arudi kesho. Fundi akamwambia ndiyo, arudi kesho.

Akarudia mara ya tatu, safari hii akifuata zile namba ndogo za pembeni ambazo hakuna anayezisoma. Akampigia dereva.

"Hivi wewe unajua kuhesabu?"

"Mimi? Nahesabu watoto arobaini na wawili kila asubuhi. Nikikosea mmoja, nalala ndani."

"Basi fungua jedwali la Kaka. Soma namba za pembeni, kuanzia kumi."

Ikasikika honi, kisha sauti ya dereva akisoma taratibu. "Kumi, kumi na moja, mbili, tatu, nne, kumi na sita." Akarudi nyuma. "Kumi na tano yuko wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza."

"Labda kabaki nyumbani, anaumwa."

"Dereva, sicheki. Milioni nne na nusu hazionekani."

"Nami nikitania ujue nimeogopa," alisema dereva. "Usimpigie. Saa tisa nikishashusha watoto nakupitia."

Walimkuta Gramu sebuleni, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni. Mkewe alikuwa pembeni akipiga pasi.

"Karibu wifi. Shemeji, karibu," alisema mke. "Mbona wawili kwa pamoja? Kuna mgonjwa?"

"Leo si Ijumaa," alisema Gramu.

"Tunajua," alisema fundi. Akaweka mezani kikaratasi alichoandikia namba mbili, moja chini ya nyingine, na tofauti yake akaipigia mstari.

Gramu alikisogeza karibu. Angeweza kuisingizia fomula. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye angejua kumbishia, na fomula yenyewe isingejitetea. Alivaa miwani, akafungua faili, akapeleka mshale kwenye kialama kidogo kilichokuwa katikati ya kumi na nne na kumi na sita, akabonyeza. Mistari ikaachana, na mmoja ukajitokeza baina yao, mwekundu: kampuni ya unga, hisa elfu tisini, gharama milioni nne na nusu, thamani ya leo sifuri.

"Nini hii?" fundi aliuliza.

"Unga."

"Unga gani, Kaka?"

Ndipo akaeleza, kwa sauti ileile aliyosomea ripoti zake kazini. Kiwanda hicho alikikagua miaka kumi na tisa. Mizani kumi na mbili, mara mbili kwa mwaka, na mara nyingine bila kubisha hodi. Viwanda vingine alivikuta vimepunja kidogo, gramu thelathini huku, hamsini kule, kila mara upande wa mwenye kiwanda. Hiki hakijawahi. Miezi sita baada ya kustaafu akaona hisa zake zimeshuka bei, hamsini kwa hisa moja. Akaona watu hawajui anachokijua yeye. Akanunua. Mwaka haukuisha, hisa zikasimamishwa sokoni, vitabu vya hesabu vikakutwa vimepikwa, akateuliwa mfilisi. Benki zikachukua mitambo. Wenye hisa hawakuachiwa hata gunia tupu.

"Sasa mizani na hisa wapi na wapi?" aliuliza dereva.

"Niliwaona ni watu wa haki."

"Aliyepima unga ni kibarua," mkewe alisema, pasi ikiwa hewani. Naye alikuwa anaisikia habari hii kwa mara ya kwanza. "Vitabu waliandika wengine, huko juu ghorofani. Ulipanda lini ghorofani, baba?"

Gramu alikuwa hajapanda kamwe. Mizani zilikuwa chini.

"Tulisema wawili wakubaliane," alisema fundi. "Huyo wa pili alikuwa nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Na mwaka ule jumla iliposhuka nikakuuliza, ukaniambia soko limeshuka."

"Lilishuka."

"Kaka."

"Lilishuka kidogo," alisema Gramu.

Dereva alikuwa ameinama kwenye kioo, akiufuata ule mstari kwa ncha ya ufunguo wa basi. "Kinachonishinda ni kimoja. Umeamua kuficha, sawa, umeficha. Mbona hukurekebisha na jumla huko chini? Ungeandika kumi na tisa na nusu, tusingejua mpaka tunazikwa."

Gramu alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo hadharani. "Jumla siwezi kuigusa," alisema.

Ndivyo alivyoishi miaka mitatu. Kila Ijumaa aliteremka toka kumi na nne hadi kumi na sita, akiruka kwa kidole kile ambacho macho hayakukiona, na kila Ijumaa chini kabisa ile ishirini na nne ilimngoja, kamili, ikiwa na ushahidi wote ndani yake kwa yeyote ambaye angejumlisha. Aliutuma ushahidi huo kwa ndugu zake kila wiki. Wao walijibu kwa kidole gumba.

Fundi alikuwa hajaketi bado. "Kitambaa cha mita tatu kikitoa suruali ya mita mbili, ile moja naitafuta sakafuni," alisema. "Mteja akiniuliza namwonyesha vipande. Vipande, Kaka, hata kama nimeviharibu. Ungeniambia mwaka ule ningekutukana jioni moja, na wifi angenipikia chai yakaisha. Sasa nifanyeje na miaka mitatu ya 'Tayari'?"

Pasi ilikuwa imezimwa. Nje mtu alikuwa anasukuma gari bovu, akihesabu moja, mbili, tatu, na gari halikuwaka.

Gramu akarudi kwenye kompyuta. Chini ya jumla aliandika mistari mitatu mipya, na wao wakamwona akiiandika: fundi, kumi na nusu. Dereva, kumi na nusu. Mbele ya jina lake, sita. Alieleza kwamba hasara ya milioni nne na nusu ikitolewa kwenye fungu moja badala ya matatu, mafungu mengine mawili yanasimama pale ambapo yangesimama asingenunua. Chumba cha fundi kinanunulika.

"Na sisi?" mkewe aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu.

"Tutakuwa na sita."

"Sita si tisa."

"Najua."

Dereva alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ningekuwa na watoto wawili ningeikataa hiyo moja na nusu," alisema. "Ninao watano." Akatoka nje kumsaidia mwenye gari.

Fundi alichukua kikaratasi chake, akakikunja mara mbili. Alisema atapokea. Aliongeza kwamba kupokea si kusamehe, na Gramu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kipimo.

Dalali wa hisa aliuza za kutosha mafungu yao mawili ndani ya wiki mbili. Fundi alilipia chumba siku mbili kabla ya tarehe, akatia hati kwenye droo ya meza ya kukatia, chini ya chaki na sindano. Dereva alizimaliza zake kwa ada za shule na gari kuukuu analosema litakuwa teksi. Mke wa Gramu bado hupita dukani, huketi, hucheka na wifi yake, na mara moja alileta suruali ya mumewe ikunjwe upindo. Fundi aliikunja vizuri, hakutoza, hakutuma salamu.

Faili lingali mtandaoni. Mistari ni michache, ya fungu la Gramu peke yake, na yote inaonekana.

Gawio la sita halijazii pensheni, na Gramu amerudi kazini. Yuko kwenye mizani ya malori ya kiwanda cha saruji, kibanda cha kwanza ukiingia langoni, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja.