Barua kwa Mwenye Ploti

Ploti yetu ilikuwa Dagoretti: nyumba sita za chumba kimoja kimoja, tatu huku na tatu kule, zimetazamana. Zilijengwa kwa mawe ya kuchongwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kushika timazi maishani mwake. Mimi na mke wangu tuliinunua mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya kujinyima kwa muda mrefu. Mimi niliona nyufa. Yeye alisimama katikati ya ua, ng'ombe wa kwenda machinjioni wakipita nje ya lango, akapima kwa macho na kusema kwamba hapa patatosha kamba sita za nguo.

Hakuziona hizo kamba. Aliugua tukiwa bado tunabandua plasta ya zamani, na tulipomzika, fundi alikuwa amefika nyumba ya tatu. Nilimlipa fundi haki yake, nikamwambia aende, nikazimaliza zile nyingine mwenyewe. Sikujua kupiga plasta, na ukuta wa nyumba ya sita una mabonde mpaka leo. Lakini tulikokuwa tukiishi sisi, katika nyumba ya kupanga kule Kilimani, kulikuwa kumenyamaza kupita kiasi. Jumamosi za huko sikuziweza.

Nilikuwa juu ya ngazi, nimevaa ovaroli na rangi imenijaa nyweleni, mama mmoja aliposimama langoni na mkoba wake.

"Mzee, habari. Wewe ndio unaangalia hii ploti?"

Nilisema ndiyo. Sikudanganya, nilikuwa naiangalia kweli. Lakini nilijua alimaanisha mtunzaji wa kuajiriwa, na sikumsahihisha. Mwenzangu wa ofisini, aliyekuwa na ploti Kangemi, alikuwa amenionya mara nyingi: mwenye ploti akijulikana hapati raha, jifanye mtu wa mkono, kibarua tu. Wengi Nairobi hufanya hivyo. Kodi ilikuwa ikipokelewa na wakala huko mjini, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu yeyote kuijua sura ya mwenyewe. Nilijiona mjanja sana.

Mama huyo alichukua nyumba ya pili. Alikuwa mtu wa magharibi, mpishi katika nyumba ya watu huko Kitisuru, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amelala katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba za matajiri. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na ufunguo ambao hakuna mwingine aliyekuwa na wa pili wake. Wiki ya kwanza nilimwona akifunga mlango, akifungua, akifunga tena. Nikajifanya napiga msumari.

Basi nikawa naenda kila Jumamosi. Kazi iliisha, mimi nikaendelea kwenda. Nilipaka mafuta bawaba zisizolia. Nilizibua mifereji iliyokuwa wazi. Mama wa nyumba ya pili alirudi kutoka kazini saa saba siku hizo, na kabla ya saa nane nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na chapati juu ya kifuniko cha sufuria. Alikuwa anaongea akikuna nazi au akichambua mboga, huku mimi nikichovya brashi mahali pasipohitaji rangi.

"Mwambie landilodi wako hii dirisha haifungi vizuri," angesema.

"Nitamwambia."

"Na umwambie hii maji inakuja mara mbili kwa wiki. Yeye huko kwake anaoga kila siku, si ndio?"

Jumamosi iliyofuata dirisha lilikuwa linafunga, na baada ya mwezi tangi likasimama kwenye kona ya ua. Akanisifu kwamba najua kuongea na wakubwa. Nikafurahi kama mtoto aliyepewa peremende, aibu iliyoje.

Mengine aliyoniambia hayakuwa ya madirisha. Binti yake alikuwa ameacha shule kule nyumbani akiwa mjamzito, na yeye mama hakuwa amemwambia mtu yeyote, si kanisani wala si kazini. Aliniambia mimi. Alilia kidogo, akajipangusa kwa leso, akasema, "Sisi watu wa kufanyia wengine kazi tunajuana." Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha nikafikiri kuhusu Jumamosi bila ua ule na bila sauti yake, nikaufunga.

Baada ya hapo alikuwa akinisomea barua za binti. Mjukuu alipozaliwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuambiwa uzani wake. Sijui kama nilimpenda kwa namna ile ambayo watu wangedhani. Ninajua kwamba kuanzia Jumatatu nilikuwa nikihesabu siku.

Ndipo Jumamosi moja nikawakuta wapangaji wote sita uani, wamesimama kama watu wa kamati. Yeye ndiye aliyenipa bahasha.

"Mpelekee landilodi. Usiifungue, mzee. Hii ni yetu na yeye."

Nilidhani ni malalamiko ya choo. Niliifungua nikiwa jikoni kwangu Kilimani. Iliandikwa kwa hati nzuri, kama barua ya ofisi, na kichwa chake kilipigiwa mstari: YAH: MZEE WETU. Walimsalimu mwenye ploti kwa jina la Bwana. Walisema hawana shida na nyumba. Shida yao ilikuwa huyu mzee anayemtuma. Anakuja kila Jumamosi na hapumziki, hata pasipo na kazi anatafutiwa kazi. Tena anakula akiwa amesimama, kama mtu anayeogopa kufukuzwa. "Tunaomba umpe kiti," waliandika, "na umuulize kama nyumbani kwake kuna mtu. Tunafikiri hakuna." Chini kulikuwa na sahihi sita.

Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya jiko, mkate mkononi. Tangu mke wangu afariki sikuwa nimeketi mezani. Wala sikuwa nimelijua hilo mpaka watu sita wa ploti waliponiandikia. Nikaketi, nikalia hadi nikashangaa nina machozi kiasi hicho.

Sikungoja Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa nilienda, nikiwa na koti na viatu vilivyong'arishwa, nikabisha mlango wa pili. Aliponiona hivyo alicheka.

"Mzee! Unaoa?"

"Barua ilifika," nikasema. "Mwenye ploti ni mimi. Amekuwa mimi siku zote."

Kicheko kikamkauka. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, Jumamosi moja baada ya nyingine. Nilianza kueleza, habari za Kangemi, habari za mke wangu. Akainua mkono.

"Hayo ya kutukana landilodi, sawa, ulistahili. Lakini mambo ya mtoto wangu?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuambia kwa vile nilijua wewe ni mwenzangu."

Nikasema naomba msamaha. Akasema amesikia. Akafunga mlango, polepole, nami nikasikia ufunguo ukizunguka.

Niliogopa atahama. Jumamosi iliyofuata nilienda nikiwa nimejiandaa kumkuta akifunga mizigo. Nilikuta kigoda uani, kando ya mlango wake, na juu yake hakuna kitu.

"Keti, baba," alisema kutoka ndani. Alikuwa hajawahi kuniita baba. Ni jina la heshima, na liliniuma.

Nikaketi. Akaniletea chai katika kikombe cha wageni, chenye kisahani, na chapati mbili ndani ya sahani. Alinisalimu vizuri na kuniuliza hali. Nilipomuuliza mjukuu anaendeleaje, akasema anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu, akaingia ndani.

Alikaa katika nyumba ile miaka sita zaidi, na hakuna Jumamosi hata moja niliyokosa chai. Siku binti yake alipoolewa, nilisikia kwa jirani.