Majivu ya Mekoni

Nazoa majivu jikoni kwa mama, na harufu ya maharage yaliyoungulia inanichokoza tena.

Darasa la tatu, Sista aliyetufundisha dini aliagiza kila mtoto alete tawi lake la Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, tuyachome darasani kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Langu mama alishalitumia kuwashia moto, siku kuni za mibuni zilipolowa.

"Si majivu mnayotaka?" akasema, akachota mekoni, yalipomwagikia maharage yakaungulia, akanijazia kiboksi cha kiberiti.

Nilibisha, nikalia, nikanuna. Kazi bure, mama yule hashindwi.

"Haya ni ya tawi?" Sista aliuliza darasani.

"Ndiyo, Sista."

Akayamwaga kwenye kopo, pamoja na ya wenzangu.

Jumatano, kanisani, Sista alipita karibu yangu na msalaba mweusi usoni. Alinukia maharage.