Mlango Ambao Sikuusemea

Mimi ni mutu wa kusema, tangu zamani. Wakati wa vita, kule Butembo, ndiyo ilikuwa kazi yangu: kusimama na mikro kando ya televisheni, katika nyumba ya video, nikieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili chetu. Watu walikuja kusikia mdomo wangu kuliko kutazama picha, na sioni haya kulisema.

Jumapili moja, kisha misa, mwenye nyumba akaweka kaseti tusiyoijua. Shujaa wake alikuwa mlango. Mlango wa mbao tu, basi. Unang'olewa na askari kwenye nyumba, unabebwa kichwani, unakuwa meza, unalaziwa mgonjwa, unaachwa kwenye mvua. Watu wa filamu wanapita na kupotea. Picha inaurudia mlango.

Nikaanza kuusemea: "Miye mulango, naona baridi..."

"Nyamaza, tunaona," wakanijibu kutoka mabenchi ya nyuma.

Nilikasirika, mais walikuwa na haki. Picha ilikaa juu ya bawaba iliyovunjika mpaka kila mmoja akaona pale nyumba yake. Kitu kisichosema hakikuambii uchungu wake, donc, basi, unaleta wa kwako. Na wengi mule walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Kanyabayonga, ambako waasi walichoma milango ya watu ili wapikie.

Komanda wa waasi haohao, walioshika mji wetu, alikaa benchi la mbele. Mwanzoni alicheka. Kisha kimya cha watu kikamchosha, akanigeukia.

"Wewe, sema huo mulango unafurahi. Unasema aksanti kwa basoda, kwa askari, bameutoa mu nyumba ya kuoza."

Askari wake wawili wakaziba njia ya kutokea. Fundi cherehani wa jirani, aliyewahi kumkatalia komanda jambo dogo, akapigwa, alikuwa bado anatembea kwa fimbo. Niliogopa, tena sana. Mais hasira ilinipanda kuliko woga: anichagulie hata neno la kutia kinywani mwa ubao?

"Shefu," nikasema, "huo mulango hapana sema kitu. Miye natafsiri mutu mwenye kusema."

Akasimama. Kabla hajanifikia, mama mmoja akainuka nyuma, muuza maandazi aliyekuja mjini na mtoto mgongoni na sufuria moja. Akasema kwa Kinande, lugha yetu ya pale, polepole. Watu wakainamisha vichwa. Komanda hakujua Kinande.

"Anasema nini?"

Ningeweza kusema anaomba njia, amupeleke mtoto nje. Mama alinitazama, akangoja. Nikaleta mikro karibu na mdomo.

"Anasema mulango wake muliupasua kuni, mukapikia mbuzi yake mwenyewe. Anasema hana aksanti ya kuwapa."

Mama alikuwa bado anasema, na mimi nikaendelea kutafsiri.