Mazimwi Niliyoyapa Majina ya Watakatifu

Mjukuu wangu wa kike aliandika mtandaoni kwamba mchezo mpya wa video wa kukamata mazimwi ni mzuri. Wachambuzi wengine walikuwa wameuponda kwa sababu ya picha zake, na watu wakamcheka mjukuu wangu.

"Babu, nifute niliyoandika?"

"Usifute, mama. Nipe nicheze mwenyewe hadi mwisho, kisha tutaongea."

Mimi ni katekista, na katekista hahukumu asichokijua. Nilifanya ishara ya msalaba, nikaanza. Kila zimwi nililokamata nililipa jina la mtakatifu, kama nilivyozoea kwa wabatizwa. Basi mchezo ulipotaka niyapiganishe na mengine, nikashindwa: ningewatumaje watakatifu wakapigane?

"Babu, tunapigwa! Watakatifu wako wamekaa tu!"

Nikayapa majina ya mboga za kwetu Mgeta, kabichi na karoti, nikasonga mbele hadi nikamaliza. Nikamwambia picha zilikuwa mbovu kweli, lakini hadithi ilinigusa. Mjukuu akaongeza sentensi kuhusu picha kwenye yale aliyoandika, mengine akayaacha yalivyo. Nilimshukuru Mungu.